Pilipili Mulongoy: Miaka Hamsini na Mitatu Baada ya Mwalimu



Mtu aliyekulia Kilwa, kandokando ya Ziwa Moero, hahitaji kuelezwa samaki ni nini. Amewaona wakipakuliwa kutoka mitumbwini alfajiri, amewaona wameanikwa juani, amewaona wakifungwa magunia kwa safari ndefu ya kwenda Lubumbashi. Na kwa kuwa anawaona kila siku, ni nadra awatazame. Katika ukurasa huu wa tafakari tumezoea kuwasimulia habari za watakatifu na za wamisionari wa kwanza. Safari hii nawaletea habari za mzee mmoja wa Katanga, mwana wa mvuvi, ambaye sifa yake yote ilitokana na kuwatazama samaki, ndege, mamba na nyoka, na kuwachora. Aliitwa Pilipili Mulongoy. Alizaliwa mwaka 1914, akafariki Lubumbashi mwaka 2007, akiwa amevuka umri wa miaka tisini. Wengi wenu, nadhani, hamjapata kulisikia jina hilo, nanyi hamna kosa. Picha zake nyingi zimo katika makumbusho na nyumba za watu huko Ulaya, wala hazimo katika shule zetu. Mimi pia picha yake ya kwanza niliiona kitabuni, si ukutani. Jina lake huwachekesha wageni wanaojifunza Kiswahili. Yeye hakulionea haya, alilitia kwa herufi wazi chini ya kazi zake: Pilipili.

Ili kuupima urefu wa maisha yake, ni vema kuyalinganisha na umri wa mji. Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, ilianzishwa mwaka 1910, mwaka ambao reli ya kutoka kusini ilifika huko; shaba ya kwanza iliyeyushwa mwaka uliofuata. Pilipili alipozaliwa, mji ulikuwa mtoto wa miaka minne. Katika maisha yake ulikuwa mji wa Union Minière, Wazungu upande mmoja, Waafrika upande mwingine, katika kambi za wafanyakazi na katika mtaa ambao leo ni Kamalondo, na kati yao ukanda wa ardhi tupu ulioachwa makusudi ili watu wasichanganyike. Ukawa mji mkuu wa Katanga iliyojitenga, tangu Julai 1960 hadi Januari 1963. Ukabadilishwa jina mwaka 1966. Nchi nzima ikaitwa Zaire mwaka 1971, kisha ikarudi kuitwa Kongo mwaka 1997. Mtu aliyezaliwa chini ya bendera ya Ubelgiji alifariki mwaka mmoja baada ya Wakongo kupiga kura zao za 2006. Bendera zilibadilika juu ya kichwa chake mara nyingi kuliko watu wengi wanavyobadilisha nyumba.

Uchoraji wenyewe haukuanza naye, wala haukuletwa na Wazungu. Kabla ya karatasi kulikuwa na kuta. Katika vijiji vingi vya Katanga na Kasai watu walipamba nyumba zao kwa udongo wa rangi, kwa makaa na kwa chokaa. Mvua iliposafisha ukuta, mwenye nyumba alichora upya. Mwaka 1926, huko Bukama kwenye mto Lualaba, mtumishi wa serikali ya Ubelgiji aliyeitwa Georges Thiry alivutiwa na nyumba zilizochorwa namna hiyo. Akamtafuta mchoraji, Albert Lubaki, akampa karatasi na rangi ili kazi yake isisombwe na mvua. Mkewe Lubaki, Antoinette, alichora naye. Mwaka 1929 picha za Lubaki zilionyeshwa Brussels, na watu wa Ulaya wakastaajabu. Kisha, katikati ya miaka ya 1930, uhusiano na wale waliokuwa wakipeleka karatasi na kupokea picha ulikatika, na majina ya wachoraji yakatoweka. Kwa miongo mingi hakuna aliyewauliza. Shikeni habari hii ya Lubaki akilini, kwa maana inatufundisha jinsi sanaa inayotegemea mkono wa mtu mmoja inavyoweza kuzimika mkono huo unapoondolewa.

Miaka ishirini baadaye, mwaka 1946, Pierre Romain-Desfossés, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1887 na aliyewahi kuwa afisa wa jeshi la majini, alifungua huko Élisabethville karakana ya uchoraji. Jina lake rasmi lilikuwa refu. Wengi waliiita tu Hangar, yaani banda. Kanuni yake ilikuwa moja: wanafunzi wasinakili. Hakuwawekea mbele picha za mabwana wa Ulaya, hakuwafundisha namna ya Wazungu ya kuonyesha kilicho karibu na kilicho mbali, hakuwasahihisha mikono. Aliwapa rangi na karatasi, akawataka watoe yale waliyoyaona kwa macho na yale yaliyokuwa ndani yao. Miongoni mwa wa kwanza alikuwa mtumishi wake Bela, mzaliwa wa nchi ya Wasara huko Chad, ambaye aliacha burashi akachora kwa ncha za vidole. Walikuja Sylvestre Kaballa, Mwenze Kibwanga aliyezaliwa mwaka 1925, na wengine kadhaa. Akaja na Pilipili.

Fanyeni hesabu. Mwaka huo wa 1946 Pilipili alikuwa na miaka thelathini na miwili. Katika vikundi vyetu vya vijana nimekwisha kumsikia mtu wa miaka ishirini na mitatu akisema kwamba wakati wake wa kujifunza umekwisha kupita.

Sasa, juu ya huyo Desfossés, ni lazima tuseme kweli pande zote mbili. Upande mmoja, alitenda jambo ambalo wakoloni wengi hawakuliwaza: aliamini kwamba Mwafrika ana kitu cha kusema kwa rangi, na kwamba kitu hicho si nakala ya Ulaya. Wakati ambapo shule nyingi zilimpima mtoto kwa jinsi alivyorudia maneno ya mwalimu, hilo si dogo. Upande wa pili, yeye ndiye aliyeamua kipi ni cha Kiafrika kweli na kipi sicho. Kumkataza mtu asitazame picha za watu wengine, kwa hofu kwamba usafi wake utachafuka, ni kumlinda kama mtu anavyomlinda ndege kizimbani. Mwanafunzi wa Brussels aliruhusiwa kutazama vinyago vya Kongo na kuiga apendavyo, wala hakuna aliyesema kwamba roho yake imeharibika. Nami naona kwamba Hangar ilikuwa mlango, na mlango huo ulikuwa na mlinzi. Waliopita hapo walijipatia zaidi ya kile mlinzi alichokusudia kuwapa.

Ushahidi ni mikono yenyewe. Ingekuwa mwalimu ndiye aliyekuwa akichora kupitia kwao, picha zao zingefanana, nazo hazifanani. Bela aliweka rangi kwa vidole, alama juu ya alama, hata wanyama na wawindaji wake wanaonekana kama wameumbwa kwa mvua ya matone mazito. Mwenze alijaza karatasi yote kwa mistari mifupi iliyolala sambamba, watu na ardhi vikifumwa pamoja kwa rangi za udongo na kahawia, hata ukitazama upesi unadhani umeona mkeka. Pilipili alikwenda njia nyingine. Aliwachora viumbe wake kwa umbo safi, ubavu ukielekea kwa mtazamaji, kila gamba na kila unyoya mahali pake. Kisha nyuma yao akajaza nafasi yote kwa nukta na vialama vidogo, kimoja kimoja, mamia kwa mamia.

Tukae kidogo juu ya nukta hizo, kwa kuwa ndizo zinazonigusa zaidi. Katika picha zake hakuna mstari unaotenga mbingu na nchi. Hakuna jua pembeni, hakuna mlima kwa mbali. Maji hayakuchorwa kama maji, bali samaki wanaogelea katikati ya zile nukta na majani marefu, nawe unajua kwamba ni maji. Ndege wamesimama matawini, na hewa inayowazunguka ni nukta vilevile. Hakuna sehemu iliyoachwa wazi kwa uvivu. Mchoraji angaliweza kupaka rangi moja nyuma na kumaliza kazi mapema, na mnunuzi angeridhika. Badala yake aliinama na kuitia nukta kila mahali, kana kwamba nafasi iliyo kati ya samaki na samaki nayo ina haki ya kushughulikiwa. Anayesali rozari anaijua kazi ya namna hiyo: chembe hii, kisha chembe inayofuata, bila kuuliza kila mara zimebaki ngapi.

Wala msidhani kwamba ulimwengu wake ni bustani tulivu. Nyoka hupanda kuelekea kwenye kiota. Mdomo wa ndege umemshika mdudu. Mamba yumo. Wadogo na wakubwa wanaishi pamoja, na wengine wanaliwa. Mwanadamu haonekani sana. Nikizitazama picha hizo nakumbuka siku ya tano katika kitabu cha Mwanzo, majini kukijaa viumbe na ndege wakiruka juu ya nchi, nasi hatujaumbwa bado. Na Mungu anaona kwamba ni vema kabla hatujawepo kumpigia makofi.

Hapa niruhusuni nitoke njiani kidogo, nirudi kwetu ziwani. Wazee wa Luapula wanamkumbuka samaki aitwaye mpumbu. Kila mwaka, mvua zilipofika, mpumbu walipanda mto kwa makundi makubwa kwenda kutaga, na watu waliwangojea njiani. Zamani hizo uvuvi ulikuwa na kiasi chake. Kisha migodi ya shaba ikaongezeka, wafanyakazi wakawa wengi, chakula chao kikatafutwa ziwani, na huko Kasenga wafanyabiashara, wengi wao Wagiriki, wakaweka maboti na magari ya kupeleka samaki Élisabethville. Nyavu zikatandazwa mtoni wakati uleule wa kutaga, penye mayai ya vizazi vijavyo. Kufikia mwisho wa miaka ya 1940 mpumbu walikuwa wamepungua hata uvuvi wao ukaanguka. Ndiyo miaka ileile ambayo Hangar ilikuwa imejaa wachoraji. Sisemi kwamba Pilipili aliwachora mpumbu. Samaki wake hawana jina la ziwa fulani. Nasema tu kwamba, katika mji mmoja na kwa wakati mmoja, samaki walifika sokoni kwa tani, na palikuwa na mtu aliyeketi akiwahesabia magamba.

Mwaka 1954 Desfossés alifariki, na Hangar ikaisha pamoja naye.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, habari ya Pilipili inapoanza kuwa kubwa, na hapo ndipo vitabu vinapoanza kuwa na haraka. Fungueni andiko lolote la historia ya sanaa ya Kongo: mtamkuta chini ya jina la mwalimu wake. Pilipili wa Hangar. Pilipili mwanafunzi wa Desfossés. Kurasa kadhaa kwa ajili ya miaka minane, kisha mistari michache. Lakini kutoka 1954 hadi 2007 ni miaka hamsini na mitatu. Mwalimu alikuwa naye kwa muda usiozidi miaka minane, na mwanafunzi aliishi baada yake kwa muda unaozidi huo mara sita. Ikiwa kuna mtu anayepaswa kulibeba jina la mwenzake, hesabu inasema nani ambebe nani: leo Desfossés anakumbukwa kwa sababu Pilipili, Bela na Mwenze walichora.

Kumbukeni Lubaki. Mlezi wake alipokatika, habari zake zilikatika. Pilipili hakutoweka. Mchoraji wa Ubelgiji, Laurent Moonens, alikuwa amekwisha kuanzisha Chuo cha Sanaa huko Élisabethville mwaka 1951. Baada ya Hangar kufungwa, Pilipili na Mwenze walipokewa huko, wakafundisha. Lifikirieni jambo hilo. Mtu aliyeambiwa asifundishwe, ili asiharibike, sasa amesimama mbele ya vijana kama mwalimu. Huyo ndiye mwana wa mvuvi, katika mji ambao sheria zake zilimtaka akae upande wake wa ule ukanda tupu.

Kijana mwenye moyo anaweza kuniuliza swali gumu, na ni afadhali aniulize: katika miaka hiyo ya kujitenga kwa Katanga, ya damu, ya watu kufukuzwa, je, ilifaa kuchora ndege? Si kukimbia? Swali hilo lina nguvu, na wachoraji wengine wa Lubumbashi walilijibu kwa namna nyingine. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1947, alichora historia ya nchi kwa picha zaidi ya mia moja, juu ya nguo za magunia ya unga: Lumumba, wakoloni, wafungwa, vita. Miaka ya 1973 na 1974 alizieleza picha hizo, moja baada ya moja, kwa Kiswahili chetu cha Katanga, mbele ya mtafiti Johannes Fabian, ambaye baadaye alizichapisha pamoja na maelezo yake. Watu wa Lubumbashi walitundika sebuleni picha za namna hiyo, pamoja na za mamba muntu, yule mwanamke wa majini mwenye mkia wa samaki. Waliziita ukumbusho. Neno hilo ni zito kuliko linavyoonekana: si pambo, ni kitu kinachomfanya anayekitazama akumbuke, asimulie, ahuzunike. Picha za Pilipili hazikuwa za sebule hizo. Wanunuzi wake walikuwa hasa Wazungu na wageni. Hilo ni doa katika historia yetu, wala sitalificha. Mtu anaweza kuchora samaki wetu miaka mingi na samaki wale wasifike kwetu.

Hata hivyo siamini kwamba alikuwa akikimbia. Tshibumba, baada ya mwanzo wa miaka ya 1980, hakuonekana tena, wala hatujui mwisho wake. Mode Muntu, mchoraji mwingine mkubwa wa mji huo, alizaliwa mwaka 1940 na kufariki mwaka 1985. Bela alikuwa amekwisha kutangulia. Mwenze alifariki mwaka 1999. Mmoja baada ya mwingine waliondoka, na yule mzee wa samaki akabaki, akawa wa mwisho wa kizazi kile mashuhuri cha Hangar. Ukumbusho una njia zaidi ya moja. Kuna anayetukumbusha waliouawa, na kuna anayetukumbusha kile ambacho waliouawa walipaswa kuishi nacho: mto, kiota, majani baada ya mvua. Nchi iliyoporwa mara nyingi kama yetu inawahitaji wote wawili, na mara nyingine namwonea huruma zaidi huyu wa pili, kwa sababu kazi yake hudhaniwa kuwa ni mchezo.

Jambo hili la kutonakili nalo lina upande wa imani, na aliyelisema kwa ukali kuliko wote ni mchoraji wa upande wa mashariki. Elimo Njau alizaliwa mwaka 1932 huko Marangu, chini ya Kilimanjaro, katika nyumba ya mwalimu Mlutheri. Baada ya masomo yake Makerere, mwishoni mwa miaka ya 1950 alichora kuta za kanisa kuu la Kianglikana la Murang'a, nchini Kenya, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Humo Kristo anazaliwa na kusulubiwa katika nchi ya Wakikuyu, kati ya miti na vilima vyao. Mwaka 1965 yeye na wenzake walianzisha Nairobi nyumba ya sanaa iitwayo Paa ya Paa. Mwaka 1997 moto uliiteketeza, pamoja na kazi zilizokusanywa kwa miaka mingi. Alikuwa na miaka sitini na mitano, umri ambao mtu angesamehewa kama angekaa kivulini. Aliendelea. Fundisho lake ni kwamba anayenakili humlaza Mungu usingizi: Mungu ni Muumba, na yule aliyeumbwa kwa mfano wake hamheshimu kwa kurudia tu kilichokwisha kufanywa. Desfossés aliwakataza wanafunzi wake kunakili kwa sababu alikuwa na nadharia juu ya Waafrika. Njau alikataa kunakili kwa sababu alikuwa na imani juu ya Mungu. Amri ni ileile, na tofauti yake ni kubwa mno. Nami nadhani kwamba picha za Pilipili, hata kama zilianza chini ya nadharia ya kwanza, zilikomaa upande wa pili.

Kanisa limezungumza juu ya mambo haya. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, ambaye ujanani alikuwa mwigizaji na mshairi, aliwaandikia wasanii barua mwaka 1999, mwaka uleule aliofariki Mwenze. Mwaka 2021 Papa Fransisko aliweka Dominika ya nne ya Julai kuwa siku ya kuwaombea na kuwatembelea mababu, mabibi na wazee. Parokiani tumeiadhimisha kwa nyimbo na kwa zawadi za sabuni na sukari, na ni vizuri. Lakini nimeona pia kwamba siku hiyo sisi ndio tunaozungumza, na wazee ndio wanaosikiliza. Katika Injili ya Luka, mtoto Yesu anapoletwa hekaluni, wanaomtambua ni wazee wawili, Simeoni na Ana binti Fanueli, na Ana amefika miaka themanini na minne. Makuhani walikuwamo, walimu walikuwamo. Waliomwona ni wale waliokuwa wamezoea kutazama mlango kwa muda mrefu.

Na kuhusu ile miaka hamsini na mitatu ambayo vitabu huipita upesi, mimi hukumbuka Nazareti. Miaka thelathini ya Bwana wetu imeachwa karibu bila neno: mbao, vumbi la randa, sabato, maji ya kisimani. Historia hupenda mwanzo. Hupenda siku mgeni alipofika na rangi, siku maonyesho yalipofunguliwa, siku gazeti lilipoandika. Haina subira na asubuhi ya kawaida ya mtu mwenye miaka hamsini, sitini, sabini, ambaye mlezi wake amekufa, ambaye nchi yake imebadilishwa jina, ambaye wenzake wanazikwa mmoja mmoja. Pilipili aliziishi asubuhi hizo nyingi kuliko wachoraji wote wa kizazi chake.

Mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya kifo chake, wasanii vijana wa Lubumbashi, akiwemo Sammy Baloji, walifungua maonyesho makubwa ya kwanza ya mji wao, ambayo yameendelea kufanyika kila baada ya miaka michache. Kikundi chao walikiita kwa neno la Kiswahili: Picha. Wengi wao hufanya kazi kwa kamera, wakitazama mabaki ya migodi na nyuso za wafanyakazi katika picha za zamani. Hakuna nukta wala ndege. Sidhani kwamba yule mzee angewalaumu. Hawakunakili.

Na mwaka 2015, huko Paris, jumba la maonyesho la Fondation Cartier lilikusanya picha za Kongo kuanzia 1926, na kuyaita maonyesho hayo kwa maneno mawili ya Kilingala, Congo Kitoko, yaani Kongo nzuri. Albert na Antoinette Lubaki walikuwamo, baada ya kusahauliwa kwa muda mrefu. Bela na Mwenze walikuwamo. Pilipili alikuwamo. Watu walilipa kiingilio, wakasimama mbele ya samaki wa mwana wa mvuvi wa Katanga, wakasogea karibu ili waone kama nukta zile kweli ziliwekwa kwa mkono, moja moja. Asubuhi hiyohiyo, ufukoni Kilwa, mitumbwi ilikuwa ikirudi, na mtoto mmoja wapo alitumwa kushika kikapu.